Mtu wa Kuonja Verdejo

Mtu akitoka Bukavu kwenda Brussels kwa ndege, akapitia Kigali, kesho yake asubuhi anakunywa kahawa Ubelgiji. Mimi nilitumia zaidi ya miaka kumi. Sikuwa nimekusudia kwenda Brussels. Nilikusudia kwenda Uvira tu, kumsalimia rafiki wa shule aliyekuwa amefungua duka la simu. Begi langu lilikuwa na mashati machache na diploma ya sekondari, ambayo mpaka leo sijui niliibeba ya nini. Nilipofika Uvira rafiki hakuwepo. Watu wa duka la jirani waliniambia amekwenda Bujumbura. Nikamfuata. Bujumbura wakasema labda amevuka kwenda Kigoma. Kigoma sikumpata, lakini nilipata kazi ya kupaka rangi nyumba ya wageni, na nilipomaliza vyumba vyote mwenye nyumba akasema ana ndugu yake Mbeya mwenye nyumba kubwa zaidi. Ndivyo nilivyosafiri, ukuta baada ya ukuta: Mbeya, Lusaka, Harare kidogo, kisha Johannesburg, ambako nilikaa hadi nikaanza kuota ndoto kwa Kizulu kibovu. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba yule rafiki hakuwahi kuondoka Uvira. Siku ile alikuwa amelala chumba cha nyuma cha duka, anaumwa malaria.

Aliyenitoa Johannesburg ni mdogo wake marehemu mama yangu. Kwetu huyo ni mama mdogo, naye alikuwa ameishi Brussels tangu vita vya kwanza vya Kongo. Alinipigia simu Jumapili moja.

"Uko unafanya nini kule?"

"Napaka rangi, maman."

"Hapa pia iko kuta. Kuja."

Nikaenda. Ndege ilitua Casablanca, nikalala kwenye viti vya uwanja, nikapanda nyingine. Mama mdogo alinipokea akiwa amevaa koti la mvua na viatu vyeupe vya kazini, akanitazama kuanzia juu hadi chini kama mtu anayekagua meza aliyoinunua bila kuiona.

Aliishi Ganshoren, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, katika mtaa mtulivu ambao habari kubwa ya wiki ni mtu aliyetoa takataka siku isiyo yake. Nilipokaa tu, alileta chupa ya bia mezani, akaifungua mbele yangu, akajimiminia kidogo, akanywa, akasubiri, kisha akanijazia glasi. Nilitaka kulia. Tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyekuwa amenikaribisha hivyo.

Kwa wasiojua: kwetu Bukavu, anayekukaribisha ndiye anayekunywa kwanza. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, si jikoni wala nyuma ya pazia. Mwenyeji anaonja, anakuonyesha kwamba bado anapumua, ndipo anakupa wewe. Ukiletewa chupa iliyokwisha kufunguliwa, unashukuru na kusema leo tumbo linakusumbua, na mwenyeji mwenye adabu anaelewa kosa lake. Ni hofu ya sumu. Watu wa kwingine hutucheka kwa hilo, na sisi wenyewe tunajicheka, lakini tunacheka huku tumeziba glasi kwa kiganja.

Mama mdogo hakuwa akicheka sana. Mume wake alikwenda harusini Kadutu, mtaa wa Bukavu, akiwa mzima, akarudi akishika tumbo, na kabla ya mwezi kwisha akafa. Madaktari walisema ni ini. Yeye alisema ni glasi. Kuanzia hapo hakunywa tena kitu kilichotoka mkononi mwa mtu asiyemjua, hata maji matakatifu alikuwa akiyatazama mara mbili.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuja Ubelgiji akiwa amebebwa mgongoni, sasa mfamasia katika duka la dawa karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mdogo wangu huyo alikuwa na mchumba, Mhispania, fundi wa lifti. Walijuana siku lifti ya jengo lao ilipokwama katikati ya ghorofa mbili, naye akamtoa kwa kumvuta, miguu kwanza. Msichana aliniambia kwamba mtu akishakuona ukitoka kwenye lifti kwa namna ile, hakuna tena la kumficha.

Kijana alikuwa mpole, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu katika kijiji cha uwanda wa juu wa Valladolid, ardhi ya kokoto, baridi kali na jua kali. Ukoo wao haukulima kitu kingine ila mzabibu mmoja unaoitwa verdejo, unaozaa zabibu za kijani, nao walitengeneza divai nyeupe. Moyo wa mzee ulikuwa umeanza kumsumbua. Kijana alitakiwa arudi nyumbani kabla ya mavuno ya mwaka unaofuata ili ashike shamba. Alitaka kurudi na mke. Mdogo wangu alitaka kwenda naye, ila aliniambia waziwazi jikoni, akikatakata vitunguu: "Kaka, maman akikataa, siendi. Siwezi kumuacha na hasira. Na nisipokwenda, nitakufa na huzuni hapa Ganshoren." Kila kitu kilitegemea kichwa cha mama mdogo kitikisike upande gani.

Wahispania walikuja kujitambulisha Jumapili moja ya Oktoba, baada ya ibada. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yake mama mdogo, mjomba wangu, ambaye wote tulimwita tonton. Kazi yake ilikuwa kuwaendesha kwa gari watoto wa familia moja ya mabalozi kule Uccle, na kwa sababu watoto wale hawakuwa wakimsikiliza, hotuba zake zote alitutunzia sisi. Siku hiyo alivaa tai mbili, moja shingoni na ya pili mfukoni ya akiba.

Mzee wa Kihispania aliingia na sanduku la mbao, akaliweka mezani kwa heshima, akatoa chupa. Nilimwona mama mdogo akikaza macho. Vizibo vilikuwa vimekwisha kuchomolewa na kurudishwa. Kumbe mzee, kwa uungwana wake, alikuwa amezifungua zote nyumbani kwa mwanawe na kuzinusa moja baada ya nyingine, asije akawapa wakwe zake chupa iliyoharibiwa na kizibo kibovu. Kwao hiyo ni heshima kubwa. Kisha akamimina glasi moja, akaisukuma upande wetu, akakunja mikono kifuani na kusubiri. Yeye hakujimiminia.

Tonton alikohoa. "Bon. Batu ba bwana harusi bamefika na kinywaji yabo. Tunashukuru. Alors, kwetu mwenye kuleta njo anakunywa wa kwanza."

Kijana alimtafsiria baba yake, akasikiliza jibu, akatugeukia akiwa amewiva masikio. "Baba anaomba msamaha. Daktari amemkataza divai kabisa."

"Basi wewe."

"Mimi naendesha gari, tonton."

Tonton alihesabu makosa kwa kuminya vidole, taratibu, kama mtu anayekamua limau. "Donc. Chupa imefika imefunguliwa. Mwenye kuleta hakunywi. Mutoto yake hakunywi. Na sisi, tunywe." Akageuza kichwa, macho yakapita juu ya watu wote waliokuwepo, yakasimama kwangu. "Wewe."

"Juu ya nini mimi?"

"Hauna bibi. Hauna mutoto. Hata loyer, kodi ya nyumba, iko kwa jina ya maman."

"Tonton, na miye niko na maisha."

"Tunajua. Njo tunakuomba na heshima."

Nilimtazama mama mdogo nikitegemea angenitetea. Alikuwa akinifuta kola kwa kidole, kama unavyomtengeneza mtu anayekwenda kupigwa picha.

Nikainua glasi. Divai ilikuwa na rangi ya majani makavu, pembeni kijani kidogo. Ilinukia kama kiwanja cha mpira asubuhi baada ya kufyekwa, na kwa mbali kama zile mbegu ambazo Wahindi wanakupa utafune ukishamaliza kula. Nikanywa. Ilikuwa nzuri, ya baridi, na tunda bichi ndani yake. Nikameza, nikaanza kutabasamu. Ndipo uchungu ukaja. Ulikuja nyuma kabisa ya ulimi, polepole, kama mgeni anayebisha hodi wakati wengine wanaaga, ukakaa, na haukuonyesha dalili ya kuondoka.

"Iko namna gani?" tonton aliuliza.

Nilisema ukweli. "Mwanzo iko muzuri. Mwisho iko chungu."

Sentensi hiyo, ukiisema mbele ya watu wa Bukavu, ni sawa na kusema nyumba inaungua. Hivyo hivyo ndivyo wanavyoeleza wote waliopona: mwanzo tamu, mwisho chungu. Mdogo wangu alijaribu. "Maman, verdejo zote ziko hivi, uchungu wa mwisho njo sifa yake, hata vitabu..."

"Nyamaza."

Mzee wa Kihispania alikuwa amenikodolea macho. Alimwuliza mwanawe kitu, mwanawe akajibu, na mzee akasimama, akazunguka meza, akanikumbatia. Macho yake yalikuwa yamelowa. Kijana alitafsiri: baba anasema watu wengi siku hizi hawausikii ule uchungu, wanakunywa kama maji, na kwamba mtu anayeusikia kwa glasi ya kwanza ni mtu wa kweli. Mzee alinipigapiga mgongo akicheka kwa furaha. Familia yangu ilimtazama na kuona kitu kingine kabisa: mtu anayeshangilia kwamba sumu yake imeingia.

Walinivuta jikoni. Mama mdogo alinishika mdomo, tonton akanimiminia kikombe cha mafuta ya mawese, na baada yake maziwa, kwa sababu kwetu hivyo ndivyo vya kwanza kumpa mtu aliyelishwa vibaya. Sitaeleza kilichofuata ila kwamba kuta za fleti zile ni nyembamba, nami nazijua kuta. Sebuleni mzee alimwuliza mwanawe kama kwetu watu hawajazoea divai.

Nilirudi, nikakaa upande kwenye kiti. Chakula kikaletwa, samaki, ugali na sombe ya majani ya muhogo, na mama mdogo akaonja kila sahani mbele ya wageni, kijiko kwa kijiko, kama inavyotakiwa. Baadaye nilijua kwamba mzee alimhurumia sana, akadhani mwanamke huyu amefanya kazi tangu alfajiri bila kula.

Walipoaga, mama mdogo aliwapa mkono wote. "Tumewapokea. Tumewasikia. Tutaangalia."

Kijana alidhani maana yake ni kwamba atatafakari ombi. Sisi tulijua atakachoangalia ni mimi.

Ugumu ulikuwa muda. Sumu ya haraka, tonton alieleza, inajulikana kabla ya wiki kwisha. Lakini iko ile ya polepole, inakaa ndani kama mpangaji, mtu anakonda kidogo kidogo, na hakuna anayekumbuka tena glasi ilikuwa ya nani. Hiyo inaweza kuchukua mwaka, wengine wanasema zaidi. Mama mdogo hakutaja muda. Alisema tu kwamba nikiendelea vizuri, watu watazungumza harusi. Nisipoendelea vizuri, basi.

Kuanzia siku ile afya yangu haikuwa tena yangu. Ilikuwa mali ya ukoo. Mama mdogo aliniangalia macho kila asubuhi, akivuta ngozi ya chini kwa kidole gumba. Alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, na brashi mkononi, kuniuliza kama nimekwenda chooni na kama kulikuwa na jambo la kumwambia. Mdogo wangu, ambaye furaha yake yote ilikuwa imewekwa ndani ya mwili wangu, aliniletea vidonge vya vitamini vya kila rangi na kunikimbiza Jumamosi kwenye bustani, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka wazee waliokuwa wakitembeza mbwa wakaanza kunisalimia kwa huruma. Mchumba alininunulia nyama, bila kuambiwa ya nini. Nilikuwa mtu wa makamo, nakaribia kuota mvi, na watu wazima watatu walikuwa wakinitazama nikitafuna.

Kisha Novemba ikaingia, na ile mvua ya Ubelgiji isiyonyesha wala kuacha, nikapata kikohozi.

"Ni rangi, maman," nilisema. "Tunapaka tumefunga madirisha juu ya baridi."

"Ni sumu inasingizia rangi."

"Hata yeye mutoto wako anakohoa."

"Yeye hakukunywa."

Mdogo wangu alinipeleka kupimwa damu. Majibu yalikuja mazuri kiasi kwamba daktari aliuliza ninakula nini. Mama mdogo aliyapokea kwa adabu. "Mashine ya bazungu inaona magonjwa ya bazungu," alisema, akaweka sufuria jikoni kunichemshia majani. Kila nilipokohoa usiku, mlango wa chumba chake ulifunguka, na kila mlango wake ulipofunguka, mdogo wangu, anayelala upande wa pili wa ukuta, alijua harusi imesogea mbele tena. Nilijifunza kukohoa ndani ya mto.

Lakini nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Nililala mchana mmoja wa Jumapili na blanketi mbili, dirisha limefunikwa na ukungu, na mama mdogo ameketi miguuni pangu akimenya viazi kwenye beseni, akinitazama kila baada ya kiazi. Nikakumbuka Bukavu, mvua ikipiga mabati, mama yangu akiwa bado hai, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikipanda kutoka barabarani. Mbeya nilikohoa peke yangu. Johannesburg niliumwa mpaka nikaongea na dari. Katika miji yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama nimekwenda chooni. Niliona ningeweza kuishi hivyo hata miaka, nikiwa nashukiwa kufa. Na niliona pia kwamba kila siku ya raha yangu ilikuwa siku ya mdogo wangu iliyoibwa.

Kikohozi kilikwisha mwezi wa tatu. Aprili nilikuwa mzima, Mei nilikuwa nimenenepa. Mama mdogo alisema unene wa ghafla nao unataka kuangaliwa.

Juni mdogo wangu aliacha kuongea mezani. Mchumba wake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kazini. Agosti mwishoni angeondoka, na yeye au bila yeye. Ndipo nikapanda tramu hadi kwa kijana huyo, Ixelles, nikamwambia kila kitu, kuanzia vizibo hadi mawese. Siku zote hizo alikuwa akiamini kwamba tunachunguza tabia ya ukoo wao. Alinisikiliza amefunika uso kwa mikono, na sikujua kama analia au anacheka. Mwishowe alisema, "Kwa hiyo nisubiri hadi ufe au usife?"

"Ndiyo."

"Na usipokufa, tutajuaje kwamba umemaliza kutokufa?"

"Hapo ndipo penye shida," nilisema.

Alimpigia baba yake simu mbele yangu. Walizungumza kwa muda mrefu, na nilisikia mzee akiuliza jambo lilelile mara nyingi. Alipokata, kijana alisema, "Anakuja."

Mzee alikuja kwa gari moshi, peke yake, na sanduku jipya magotini. Safari hii chupa zilikuwa zimezibwa, na nta juu ya vizibo. Ilikuwa tena Jumapili, dirisha wazi, sisi walewale kuizunguka meza ileile. Mzee alisimama akazungumza, mwanawe akitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisema alikuwa amekosea kwa kutojua, na kosa la kutojua mbele ya mama wa msichana ni kosa zito. Alisema verdejo yao si ngeni kwetu pia, kwani wazee wa kijijini husimulia kwamba mche wake uliletwa zamani sana kutoka Afrika, na watu waliovuka bahari upande wa kaskazini.

Tonton aliinua kidole. "Donc bameturudishia kitu yetu. Hii haiwezi kuingia kwenye mahari."

"Tonton," mdogo wangu alisema kwa sauti ya kuchoka.

"Nasema tu. Iandikwe."

Mzee alitoa kizibo mbele ya macho yetu, akatuonyesha mikono yake mitupu pande zote mbili kama mchezesha kiinimacho, akamimina. Akaisogeza glasi upande wake. Kijana aliruka. "Baba, daktari." Mzee alimjibu bila kumwangalia, na kijana hakutaka kutafsiri. Tonton alimlazimisha.

"Anasema kama msichana haji, moyo anautunzia nini."

Mzee alinyanyua glasi. Alipoinama, kikasha cha plastiki chenye vyumba vya siku za juma kilichungulia kwenye mfuko wa shati lake. Mama mdogo alikiona. Kazi yake, kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao huko Uccle. Vikasha vya namna ile alivifungua kila asubuhi kabla hajavua koti. Alinyosha mkono, akakichomoa mfukoni mwa mzee bila kuomba, akakifungua, akamwonyesha binti yake kidonge.

"Hii ni ya moyo?"

"Ya kufanya damu isigande, maman. Na ile ndogo ni ya moyo."

"Na divai?"

"Hapana. Hapana kabisa."

Glasi ilikuwa imefika midomoni mwa mzee. Mama mdogo aliinyakua, na matone yakamwagika kwenye kitambaa cha meza. "Muzee afe hapa kwangu? Kwa kiti yangu? Kesho batasema nini? Bacongomani ba Ganshoren bamemuwekea mugeni sumu."

Hapo akabaki amesimama na glasi mkononi. Nilimwona akiitazama. Kumrudishia mzee ni kumwua. Kuimwaga kwenye sinki, mbele ya mtu aliyesafiri na sanduku magotini, ni tusi ambalo hata harusi isingelifuta. Nilinyosha mkono kuipokea, maana kuonja kulikuwa sasa kazi yangu. Hakunipa.

Alifumba macho, akanywa. Hakuonja, alikunywa yote, kama anayemeza dawa.

Nje basi lilipita, vyombo kabatini vikatikisika. Tulimtazama usoni, na nikajua sasa uso wangu ulivyokuwa ukitazamwa miezi yote ile. Utamu ulipita kwanza, niliuona ukipita. Kisha ukaja ule mwingine.

"Iko chungu," alisema.

"Ndiyo, maman," binti yake alijibu, taratibu mno.

"Inakuja nyuma."

"Ndiyo."

Akafumbua macho. Akaisogeza glasi kwa mzee, aijaze tena. "Iko kama ile majani mama yetu alikuwa anatupatia ya minyoo," alimwambia tonton. "Unaikumbuka? Ya nyuma ya nyumba."

Tonton alionja, kwa mara ya kwanza, baada ya dada yake. Alifikiri sana. "Ni yenyewe," alisema. "Kumbe ni dawa."

Mdogo wangu aliweka kichwa mezani, mabega yakaanza kutikisika. Mzee aliuliza kwa wasiwasi kama msichana naye ana ugonjwa.

Hivyo ndivyo harusi ilivyokubaliwa. Lakini mama mdogo alikuwa na sharti moja, na alilisema kabla meza haijafutwa. Divai hii ameijua. Moyo wa mzee huyu ameuona. Ila kijijini iko majirani, iko mashangazi, iko watu wa sikukuu, na mtoto wake ataalikwa huku na huku. "Nani ataonja mbele yake?"

Tonton aligeuza kichwa. Safari hii hakuhitaji kuwapita wengine. Wote walikuwa wamekwisha kunigeukia.

Mzee alitafsiriwa sharti, akalikubali papo hapo. Alisema mavuno yao hufanywa usiku, zabibu zikiwa za baridi zisipoteze harufu, na usiku watu wa kazi ni haba. Kama mimi naweza kusimama hadi asubuhi, atanipa chumba. Wakapeana mikono juu yangu. Tonton aliliita jambo la kihistoria na kutaka kuongea, wakamwambia atakula kwanza.

Walifunga ndoa katikati ya Agosti. Kabla mwezi haujakwisha tuliondoka, asubuhi, kwa gari dogo la mizigo la bwana harusi. Lilikuwa limepaki vibaya mbele ya jengo, na jirani wa chini alikuwa ametoka kutuambia hivyo kwa upole wa Ganshoren. Tulipakia masanduku ya nguo, sufuria, samaki wakavu, mawese ya kutosha kijiji kizima kikilishwa vibaya, na ngazi yangu ya kupakia rangi, ambayo hakuna aliyejua niliichukulia nini. Tonton alitoa hotuba kwenye ngazi za mlango. Mama mdogo hakusikiliza. Alikuwa akinipa masharti kupitia dirisha, akiwa amevaa viatu vyake vya kazini.

"Unaanza wewe, kisha yeye. Kila kitu. Hata maji."

"Ndiyo, maman."

"Wakikuuliza, sema ni tumbo."

"Ndiyo, maman."

"Maman, inatosha," mdogo wangu alisema kutoka kiti cha katikati, akijifuta macho.

Gari likaanza kusogea. Mama mdogo alitembea pembeni yake, mkono juu ya mlango, kama anayelishikilia lisianguke. Tulipokaribia kona alinitazama, na nadhani ndipo alipokumbuka.

"Na wewe? Unapenda kwenda?"

Tangu Jumapili ile hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilifikiria chumba changu cha ghorofa ya nne, blanketi mbili, mlango unaofunguka nikikohoa. Nilifikiria barabara, na miguu yangu, niseme wazi, ikaanza kuwasha kama inavyowasha daima. Gari lilikuwa limeshika kasi, naye sasa alikuwa akikimbia kidogo.

"Napenda, maman," nilisema, na nilipolisema nikaona ni kweli kiasi.

Aliachia mlango. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akisimama, akihema, akitengeneza kitambaa chake cha kichwa. Kisha akavuka barabara kwenda kusubiri basi la Uccle, kwa sababu kule kulikuwa na bibi kizee asiyekubali kumeza vidonge vyake mpaka yeye afike.